Saa ya Milele Haijitunzi

Mwaka jana, jioni moja barazani kwetu Mkunazini, mzee mwenzangu alinishitaki mbele ya watu. Alisema: "Maalim, wewe umewafundisha watoto wetu miaka mingi kwamba ubadhirifu ni haramu. Leo tunasikia ndani ya kabati lako mna saa ya dhahabu ambayo thamani yake ingeezeka nyumba upya. Huivai, huiuzi, na kila asubuhi unaitia ufunguo. Hebu tueleze sisi wajinga, faida yake nini?"

Watu walicheka, na mimi nilicheka nao, kwani kahawa ilikuwa moto na mzee mwenyewe ni sahibu yangu tangu utotoni. Lakini usiku ule sikupata usingizi upesi. Niliona kuwa mimi, niliyezoea kusahihisha majibu ya wengine, sikuwa na jibu langu mwenyewe. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu. Limekuwa refu kwa sababu katika kulitafuta nimegundua kuwa ninaobishana nao si mzee yule peke yake. Wako watu wa namna tatu. Wa kwanza anasema saa kama hii ni upuuzi, kwa kuwa simu inatosha. Wa pili anasema ni mali ya kufungiwa ndani ya kasha la chuma mpaka bei ipande. Wa tatu anasema iuzwe leo, kesho mbali. Watatu hawa wanaonekana kupingana, lakini mimi nasema ni ndugu wa tumbo moja. Wote wanaikimbia kazi moja, nayo ni kazi ya kutunza.

Kwanza niieleze saa yenyewe, maana mtu hawezi kuhukumu asichokijua. Ni saa ya mkono ya kampuni ya IWC ya mji wa Schaffhausen, Uswisi, ya aina inayoitwa Da Vinci, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1985. Aliyebuni mtambo wa kalenda yake ni fundi aitwaye Kurt Klaus. Ni saa ya kalenda ya milele. Usoni mwake inaonyesha siku ya juma, tarehe, mwezi, umbo la mwezi wa mbinguni, na mwaka wenyewe kwa tarakimu nne. Saa ya kawaida yenye tarehe huhesabu mpaka 31 kila mwezi, na ukifika mwezi wa siku 30 inakudanganya mpaka uisahihishe kwa mkono. Hii inajua kuwa Aprili ina siku 30 na Februari ina 28, na inajua pia kuwa katika mwaka mrefu Februari ina 29.

Inajuaje? Haina betri wala umeme. Ndani yake mna kigurudumu ambacho ukingo wake umechongwa hatua 48, yaani miezi 48 ya miaka minne. Kijiti kidogo cha chuma huteleza juu ya ukingo ule. Penye mwezi wa siku 31 ukingo umeinuka. Penye mwezi wa siku 30 pana bonde dogo. Penye Februari pana bonde la kina. Na Februari moja kati ya nne bonde lake lina kina pungufu kidogo. Kina cha bonde ndicho kinachoamua tarehe iruke hatua ngapi mwezi unapokwisha. Kigurudumu hicho humaliza mzunguko mmoja kwa miaka minne. Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na sijapata kuona somo la mgawanyo lililoandikwa vizuri kuliko lilivyoandikwa katika kipande kile cha chuma kisichozidi ukucha.

Ujuzi huu si wa juzi. Thomas Mudge wa London aliunda saa ya mfukoni ya namna hii katika miaka ya 1760, na kampuni ya Patek Philippe ya Geneva ikatoa ya kwanza ya kuvaa mkononi mwaka 1925. Lakini ujuzi huo nusura upotee. Saa za betri za Kijapani zilipoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1960, nazo zikaja mpaka Darajani kwetu, viwanda vya Uswisi vilianguka kama migomba penye upepo. Wafanyakazi wa saa huko walikuwa kiasi cha 90,000 mwaka 1970. Katikati ya miaka ya 1980 ilibaki kama theluthi tu. Ni wakati huo huo, watu wakisema saa za kamani zimekwisha, ndipo Kurt Klaus alipokuwa amekaa mezani anachonga miezi 48. Basi wa kwanza kuyakataa maneno ya "simu inatosha" alikuwa yeye.

Sasa nieleze ilivyonifikia. Marehemu mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikwenda Maskati mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Sultan Qaboos alipowafungulia mlango watu wa asili ya Oman waliokuwa Unguja na kwingineko warudi kusaidia kuijenga nchi. Alijua Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, akafanya kazi ya ukarani na tafsiri. Alipostaafu mwaka 1988 mwajiri wake alimpa saa hii. Hakuivaa hata siku moja, kwa kuwa ni ya dhahabu, na sisi tumefundishwa kwamba Mtume (S.A.W.) amewakataza wanaume kuvaa dhahabu na akawaruhusu wanawake. Lakini alikuwa akiitia ufunguo kila siku baada ya sala ya Alfajiri.

Mwaka 1997 alikuja Unguja kututembelea, akanipa saa ile kuwa hiba mbele ya mashahidi wawili. Aliniambia maneno machache. Alisema: "Usiiache ikasimama. Na siku ukitaka kuitoa, usimpe mtu kwa sababu ni mkubwa wa nyumba. Mpe anayeweza." Mwaka uliofuata alifariki. Mimi nilikuwa na miaka 47, mwalimu mkuu wa skuli yenye madirisha yasiyo na vioo, na mshahara ambao sitautaja ili nisimchekeshe msomaji.

Sikuificha. Tarehe 28 Februari 2000, siku ya Jumatatu, niliipeleka skuli na kuiweka mezani mbele ya darasa la hesabu. Niliwauliza wanafunzi: kesho itaonyesha nini? Wenye akili nyingi walisema 1 Machi, kwa kuwa wamesoma kuwa miaka inayoishia na sifuri mbili si mirefu. Wengine walisema 29. Siku ya pili walikuja mapema kuliko kengele, wakakuta 29, Jumanne. Hapo ndipo nilipowafundisha kanuni ya kalenda ya mwaka 1582: mwaka wa karne huwa mrefu pale tu unapogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 unagawanyika, 1900 haugawanyiki, wala 2100 hautagawanyika. Mwanafunzi mmoja akainua mkono akauliza: "Maalim, sasa mwaka 2100 saa hii itafanyaje?" Nikamwambia itaonyesha 29 Februari, siku ambayo haitakuwepo duniani, na itabidi mtu aisogeze mbele kwa mkono wake. Akasema: "Basi si ya milele."

Mtoto yule alikuwa na haki, na mimi nimeishi na jawabu lake robo ya karne. Na tena sisi watu wa pwani tuna sababu zaidi ya kucheka tukisikia neno milele likiandikwa juu ya kalenda moja. Mzanzibari wa makamo yangu amekua na kalenda tatu kwa pamoja. Iko ya kizungu, ya mshahara na mitihani. Iko ya Hijra, ya sala, saumu na hija, yenye siku 354 au 355, inayorudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Na iko ya Nairuzi, ya wavuvi na wakulima, inayohesabu siku kumi kumi, mwongo baada ya mwongo, mpaka zitimie 365, ndipo wa Makunduchi waoge mwaka. Hiyo ya Nairuzi haina mwaka mrefu kabisa, kwa hiyo kila miaka minne inaachana na ya kizungu kwa siku moja, na hakuna mvuvi aliyezama kwa sababu hiyo.

Saa yangu haijui Nairuzi. Tarehe yake hugeuka saa sita za usiku, wakati kwetu siku mpya huingia jua linapotua. Mwezi wake umetengenezwa kwa hesabu nzuri mno, unakosea siku moja tu kwa miaka 122, lakini haukuambii kama mwezi umeandama. Kwa hilo inabidi utoke nje ukatazame magharibi. Mimi siidharau kwa hayo. Nayasema ili nimjibu yule anayeiabudu. Mtu anayedhani amenunua umilele amenunua kigurudumu cha miaka minne. Miaka minne ikisha huanza tena, ikiwa yuko wa kuitia ufunguo. Asipokuwepo, saa husimama baada ya siku mbili, na "milele" yote ikalala ndani ya kabati ikionyesha Jumatano iliyokwishapita.

Niingie sasa kwa yule wa kasha la chuma. Mwaka 2016 huko Geneva iliuzwa kwa mnada saa ya kalenda ya milele ya Patek Philippe, namba 1518, ya chuma kisichopata kutu, kwa faranga za Uswisi milioni 11. Zinazojulikana za chuma cha namna ile ni nne tu, na kwa hiyo chuma kikaishinda dhahabu. Mwaka 2019 katika mji huo huo saa nyingine ya kampuni hiyo hiyo, yenye kalenda ya milele, iliuzwa katika mnada wa sadaka kwa faranga milioni 31. Sadaka ni jambo la kheri na sina neno nayo. Neno langu ni kwa watu waliojifunza kutokana na habari hizo kwamba saa ni hisa ya benki. Wanainunua, hawaigusi, hawaitii ufunguo, hawaruhusu hata ngozi ya mkanda ikunjwe, eti alama ya kuvaliwa inapunguza bei. Mafuta ndani ya mtambo yanakauka. Naye mwenyewe anaitwa mpenzi wa saa! Mtu akioa halafu akamfungia mkewe chumbani asionekane na jua, sisi hatumwiti mpenzi wa mkewe.

Na hao wauzaji ni hodari wa maneno. Tangu mwaka 1996 kampuni hiyo ya Geneva imekuwa ikitangaza kwamba saa zake mtu hazimiliki, bali anazitunza kwa ajili ya kizazi kinachofuata. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilishtuka, maana ndiyo maneno ya mjomba wangu. Baadaye nikaona tofauti. Amana hainunuliwi dukani. Amana unapewa na mtu aliyekujua, akakutazama, akakuchagua, na siku moja atakuuliza, au Mola wake na wako atakuuliza. Ukitoa fedha ukapewa risiti, hiyo ni bidhaa, nayo huenda ikawa bidhaa nzuri. Iite hivyo. Usichukue neno zito la wazee ukalifanya karatasi ya kufungia.

Mwaka 2015 alinijia mnunuzi mmoja wa vitu vya kale, mgeni, mwenye adabu, aliyeletwa na kijana wa mjini. Jambo la kwanza alilofanya ni kuigeuza saa huku na huku na kuitazama uso na mgongo kwa kioo cha kukuzia. Nilijua anachotafuta. Sultan Qaboos alikuwa na desturi ya kutoa zawadi za saa zilizochorwa hanjari, lile jambia la Kiomani, na wakusanyaji wa saa hulipa mara nyingi zaidi kwa alama ile. Ya kwangu haina. Uso ukamshuka kidogo, kisha akataja bei ambayo hata hivyo ilikuwa kubwa kuliko kiinua mgongo changu. Nikamuuliza: "Inakwenda?" Hakunielewa. Alikuwa ameishika robo saa nzima bila kuiweka sikioni asikie.

Wanangu waliposikia bei ile ndipo ugomvi ulipoingia ndani. Nyumba yetu ni ya mawe, ya babu, na paa lake lilikuwa linavuja. Masika ya mwaka ule maji yalishuka ukutani mpaka chumba cha chini, boriti mbili zikaanza kuoza. Wakasema, na kwa haki: "Baba, saa hii iuzwe, paa litengenezwe." Hapa, ndugu msomaji, sitaki nijifanye shujaa. Sikuwa na jawabu la haraka, na nilijua wako baba waliokufa na vitu vyao vizuri huku watoto wao wakilala chini ya ndoo.

Nikawaambia hivi. Nikiumwa mimi au yeyote kati yenu, na dawa ikakosekana, saa iuzwe saa hiyo hiyo, msiniulize. Ukuta ukiwa unaanguka, iuzwe. Mtu kwanza, nyumba pili, saa tatu. Lakini ukuta hauanguki. Paa linavuja kwa sababu mfereji wa maji ya mvua haukusafishwa miaka sita, na katika miaka hiyo sita sote tulikuwa tunapita chini yake. Mkiuza saa mkalitengeneza paa, baada ya miaka sita litavuja tena, na saa haitakuwepo. Tukapanga kila mmoja atoe kidogo kila mwezi, nami nitoe katika pensheni. Boriti zikabadilishwa moja baada ya moja, chokaa ikapigwa upya, na mfereji sasa husafishwa kabla ya Masika na kabla ya Vuli. Ilichukua miaka mitatu. Wapo walionung'unika mpaka siku ya mwisho, na sikuwakataza.

Msidhani hili ni la nyumba yangu tu. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapwa mwaka 1886, ameeleza jinsi vyumba vya wakubwa wa Unguja vilivyopambwa kwa vyombo vya kauri, vioo na saa za thamani. Viko wapi leo? Vingine viliharibika, vingine vilichukuliwa, na vingi tumeviuza wenyewe: milango, masanduku ya Kizanzibari, viti, sarafu, saa za ukutani. Tunasema "kizuri chajiuza". Mimi nasema kizuri hakijiuzi, kinauzwa na mtu aliyechoka kukifuta vumbi.

Na lipo kubwa zaidi. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883. Asubuhi ya 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga kwa muda usiotimia saa moja, na mnara uliokuwa mbele yake ukaharibiwa. Baadaye jumba likajengewa mnara mpya wenye saa, nasi watoto wa mjini tumekua tunautazama mnara ule tukitoka baharini, tukijua kama tumechelewa chuoni. Mwaka 2012 sehemu ya baraza ya jumba ilianguka, likafungwa. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Ijumaa, likiwa katikati ya matengenezo, upande wake wa mbele uliporomoka pamoja na mnara na saa yake. Watu wawili walipoteza maisha. Mizinga haikuliangusha jumba lile. Lilisimama miaka 124 baada ya mizinga.

Simtaji wa kulaumiwa, wala sikuandika haya nimtafute. Waliokuwa wakilitengeneza walikuwa kazini. Mimi nasema juu ya tabia yetu sote, tabia ya kupenda siku ya kufungua kitu na kuichukia siku ya pili yake. Tuko hodari wa kukata utepe. Nimehudhuria sherehe za kufungua vyoo vya skuli, visima, maktaba na maabara, na watu walikuwa wengi. Sijapata kualikwa hata mara moja katika sherehe ya kisima kilichotimiza miaka ishirini kikitoa maji. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi watoto tunawafundisha methali hiyo katika darasa ambalo ukuta wake una ufa.

Basi ninapoitia saa ufunguo, ninajizoeza. Hilo ndilo jibu la "faida yake nini". Simu inanipa saa na tarehe bila mimi kufanya lolote, na ninaitumia kama watu wote, siichukii. Lakini simu hainidai kitu. Saa hii inanidai kila alfajiri dakika moja, na kila miaka michache inanidai fundi mwenye mkono mwepesi na fedha ya kumlipa. Mtu asiyedaiwa kitu kidogo kila siku hawezi kukumbuka kikubwa kila mwaka. Nimeyaona haya kwa wanafunzi, kwa walimu, na kwa nafsi yangu.

Nimalizie kwa tukio moja. Mwaka 2018 niliugua, nikalazwa Dar es Salaam wiki tisa. Wote walikuwa wakinishughulikia mimi, na saa ikasimama. Niliporudi niliikuta imekaa kwenye tarehe ya zamani. Sasa saa hii ina tabia moja ambayo mwenye kuitunza lazima aijue: kalenda yake yote inasogezwa kwa kifungo kimoja cha ubavuni, siku moja kwa kila hatua, na huenda mbele tu. Kurudi nyuma hairudi. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, nikamwita mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa na miaka 14, nikamwambia asogeze siku 63. Alihesabu kwa sauti. Mahali fulani katika hamsini mtu alibisha hodi, akageuka, na alipomaliza tukaona amekwenda 64. Saa ilikuwa inasema kesho.

Mtoto alitaka kulia. Nikamwambia hakuna lililoharibika. Tuisimamishe, tuisubiri mpaka siku yenyewe iifikie. Tukaisimamisha, akaandika katika daftari saa na dakika iliyokuwa ikionyesha, akaenda zake kwao. Sikumwambia arudi. Siku ya pili, kabla ya wakati ule ule, nilisikia ngazi inalia. Amekuja peke yake kwa miguu, ameshika daftari. Akakaa mbele ya saa akingoja, dakika ilipofika akakirudisha kifungo, nayo ikaanza kwenda. Kisha akanitazama, hakusema kitu, akaenda kuniletea dawa yangu.

Mwaka huu nimempa hiba saa ile, mbele ya mashahidi wawili. Wajukuu wa kiume wamenung'unika kuwa saa kama hii ni kitu cha mwanamume. Nimewajibu kuwa sheria yetu imekata maneno: mimi na mjomba tumeitunza miaka 37 bila kuivaa hata mara moja, kwa kuwa dhahabu si yetu. Yeye anaweza kuivaa. Ni mwanachuo sasa, na mkono wake ukitembea saa itajitia ufunguo yenyewe, kama ilivyokusudiwa tangu ilipoundwa. Nimempa pia kile kipande kidogo cha akiba ambacho kiwanda kilikitia pamoja na saa, cha kuandikia karne, ili mwaka 2200 ukifika mtu abadilishe tarakimu. Ameniuliza atakiweka wapi ili kisipotee. Swali hilo ndilo nililolingoja.

Kwa hiyo, sahibu yangu wa barazani, ukinijia tena kabatini kwangu hutakuta saa. Utakuta kabati tupu, na mfereji wa maji safi, kwani Masika inakaribia. Ukitaka, njoo Jumamosi na ngazi yako, tukautazame wa kwako.